Kuchagua SUV ya umeme yenye nguvu ukiwa Malindi: mwongozo kamili wa kuendesha kila siku, kununua na kukodi kwa mkataba

Nguvu ya magari haya imeshazidi mahitaji ya barabara yoyote ya Kaunti ya Kilifi. Porsche Macan Turbo ya umeme hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.3. BMW iX M60 huchukua sekunde 3.8, na Lotus Eletre R haifiki hata tatu. Jaguar I-Pace, ambayo ilitoka mwaka 2018 na sasa inahesabiwa kuwa ya zamani, huchukua sekunde 4.8, na bado inayaacha nyuma magari mengi ya petroli unayoyaona barabara ya Lamu. Kwa hiyo ukikaa kulinganisha sekunde, unalinganisha kitu ambacho wote wanacho.

Aliye Malindi alinganishe mambo matatu mengine: gari linachajiwa kwa soketi gani, linatembelea matairi gani, na ni nani atakayebeba hasara ya bei siku mkataba ukiisha. Ninaandika kwa mwenye hoteli anayepeleka wageni Mombasa, kwa mfanyabiashara ambaye Kilifi kwake ni kama sokoni, na kwa ndugu aliye ng'ambo anayetaka kuleta gari la familia nyumbani. Ni pesa nyingi, na nimeona watu wakizitia kwenye gari zuri lisilofaa mahali lilipo.

Hatua ya kwanza: andika safari zako za kweli

Kabla ya kufungua tangazo lolote, andika unakokwenda kwa mwezi mzima. Kutoka Malindi mjini hadi Watamu ni kama kilomita 25, Kilifi kama 60, Mombasa kama 120. Nairobi kwa njia ya Mombasa inakaribia 600. Wengi watakuta kwamba siku nyingi hawapiti kilomita 50: Casuarina, uwanja wa ndege, sokoni, Mambrui, kisha nyumbani. Safari inayoamua ukubwa wa betri ni ile ya Mombasa kwenda na kurudi siku moja, yaani kilomita 240.

Usitumie umbali unaotangazwa na kiwanda. Hupimwa kwa utaratibu wa Ulaya uitwao WLTP, na hali yake si yetu: kiyoyozi kinachonguruma tangu asubuhi, abiria wanne na masanduku, upepo wa kusi usoni. Fanya hesabu yako. Chukua betri inayotumika kweli, gawanya kwa matumizi. Kila yuniti unayonunua kwa tokeni ni kilowati-saa moja, kwa hiyo hesabu hii ni ile ile unayoijua kwenye mita ya nyumbani.

Audi e-tron 55 ina karibu yuniti 86 zinazotumika. Ni gari zito na linakula; weka yuniti 26 kwa kilomita 100, utapata kilomita 330 hivi. I-Pace ina 84.7, kwa yuniti 24 utafika 350. BMW iX xDrive50 ina 105, na kwa yuniti 23 inapita 450. Macan ina 95 na inakula kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo inaikaribia iX ingawa betri yake ni ndogo zaidi.

Zote zinakwenda Mombasa na kurudi. Lakini tazama e-tron: ukiondoka na asilimia 80 una kilomita 265 tu mkononi, na foleni ya Mtwapa ikikukalia utarudi ukiutazama mshale. Siku ya Mombasa ijaze kabisa. Siku nyingine zote iache katikati, nitaeleza kwa nini.

Kiyoyozi chenyewe si adui mkubwa kama watu wanavyoogopa. Gari likisimama uwanja wa ndege likimsubiri mgeni, kiyoyozi hutumia kati ya kilowati moja na mbili. Saa nzima ya kusubiri ni kama kilomita sita au saba za safari. Dereva asikae juani kwa sababu ya kubania hizo.

Nairobi ni hesabu nyingine. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kulipandisha gari la tani 2.7 pamoja na watu wake mpaka huko kunataka yuniti 12 na nusu kwa fizikia peke yake. Ongeza upotevu, sema 14. Hiyo ni juu ya matumizi ya kawaida ya barabara. Ukishuka kuja pwani sehemu yake hurudi betrini kwa breki za mota, na ndiyo maana safari ya kurudi hukufurahisha. Kwa anayekwenda Nairobi mara chache kwa mwaka, ushauri wangu ni kulala Voi kwenye hoteli iliyokubali kwa simu, kabla hujatoka, kwamba utachaji usiku. Anayekwenda kila wiki asichukue gari la umeme kwa sasa, au achukue ndege.

Hatua ya pili: soketi kabla ya gari

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Magari ya usukani wa kulia yanatujia hasa kutoka Japani na Uingereza. Kwa petroli haijalishi sana limetoka wapi. Kwa umeme inajalisha kuliko rangi, kuliko mwaka, kuliko hata kilomita. BMW, Audi au Jaguar ile ile iliyouzwa Uingereza ina soketi ya CCS2, ile ya Ulaya, na iliyouzwa Japani ina soketi ya Japani. Kwenye picha za tangazo magari hayo mawili ni pacha.

Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha kuchajia na akupigie picha kwa karibu. La Uingereza lina tundu la mviringo lililobapa juu, ndani yake vitundu saba. Chini ya hilo kuna vitundu viwili vikubwa vya umeme wa kasi. La Japani lina tundu la duara lenye vitundu vitano tu, na mahali pengine kwenye mwili wa gari kuna kifuniko cha pili chenye tundu kubwa la CHAdeMO, ambayo ni chaji ya kasi ya Kijapani. Ukiona vitano, jua kwamba waya wa kuchajia nyumbani utabadilishwa kwa kiunganishi cha bei ndogo na maisha yataendelea, lakini kwa chaji ya kasi utategemea vituo vyenye CHAdeMO, na viunganishi vya kuigeuza kuwa CCS2 ni ghali na havielewani na kila kituo. Juu ya hapo skrini itakuwa kwa Kijapani na redio haitashika masafa yetu yote. Mimi ningelipa zaidi kwa la Uingereza bila kusita.

Magari yaliyouzwa China hutumia soketi yao, GB/T, na mengi yana usukani wa kushoto, ambao Kenya hausajiliwi kwa gari la kawaida la abiria. Yapite.

Sasa nyumbani. Soketi ya kawaida ya pini tatu, ukichaji kwa ampea 10, inatoa kilowati 2.4. Kujaza betri ya yuniti 100 kutoka sifuri kungechukua zaidi ya saa 40, na watu husikia hivyo wakakata tamaa. Lakini nani anajaza kutoka sifuri? Saa kumi za usiku zinakupa yuniti 24, yaani karibu kilomita 100, na umesema mwenyewe kwenye daftari lako kwamba hupiti 50. Tatizo la soketi hiyo ni joto. Haikuundwa kubeba ampea 10 usiku kucha kila siku, na za bei rahisi huanza kuyeyuka kwa nyuma ambako huoni.

Kwa hiyo funga chaja ya ukutani. Ya fezi moja kwa ampea 32 inatoa kilowati 7.4 na inajaza betri kubwa kwa saa 14 hivi. Ukiwa na fezi tatu, kama hoteli nyingi, utapata kilowati 11, na saa kumi zinatosha. Angalia pia gari lenyewe linapokea nini: I-Pace za mwanzo hupokea fezi moja tu hata ukizifungia tatu, zilianza kupokea kilowati 11 baada ya maboresho ya mwaka 2020.

Mambo manne ya kumsimamia fundi, na usimlipe mpaka ayamalize. Waya utoke moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa umeme, usiungwe na wa jikoni. Kuwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, kinachofaa chaja ya gari. Ethi ipimwe kwa kipimo chake maalumu, si kwa kuwasha taa ya majaribio, maana mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe haupitishi umeme vizuri na fimbo moja mara nyingi haitoshi. Na chaja ikae ukuta usioelekea bahari. Nyumba za karibu na ufuo zinajua chumvi inavyofanya bawaba na mabati. Kwenye kiungo cha shaba hufanya kijani kwanza, kisha joto, kisha moto.

Umeme wa jioni hushuka nguvu mitaa mingi. Weka chaja ianze saa nne au saa tano usiku, na uipunguze hadi ampea 16 au 20 ikiwa taa zinafifia. Asubuhi gari litakuwa tayari hata hivyo. Anayeendesha magari kadhaa, kama hoteli au kampuni ya kusafirisha wageni, aulizie Kenya Power ushuru maalumu wa magari ya umeme ulioanza mwaka 2023 kwa shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 kwa saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Unahitaji mita yake na matumizi ya kutosha kila mwezi.

Mwenye paneli za jua juu ya dari ana bahati ya mahali. Jua letu ndilo lililoleta mtambo wa megawati 40 kule Langobaya. Paneli za kilowati tano nyumbani zinatoa karibu yuniti 20 siku njema, ambazo ni kilomita 80 hadi 90 za gari kubwa. Shida ni kwamba gari liko nje mchana. Kwa hoteli ambayo gari hukaa uani kati ya mgeni wa asubuhi na wa jioni, mpango huu unafaa sana.

Hatua ya tatu: matairi, chuma na chumvi

Uliza swali moja ambalo wauzaji hawapendi: lina spea? Karibu yote haya hayana. Chini ya sakafu ya buti utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo huziba tundu la msumari katikati ya tairi. Haizibi ubavu uliopasuka, na shimo lenye kingo kali hupasua ubavu.

Ndiyo maana ringi ndogo ni bora kwetu. Mwuzaji atakuonyesha ringi za 22 na kweli zinapendeza, ila tairi lake lina mpira mwembamba kama mkanda kati ya chuma na barabara. iX inapatikana kwa ringi za 20, na Macan pia. e-tron inashuka hadi 19 au 20. Chukua hizo. Kabla hujalipa, pigia simu maduka mawili ya matairi Mombasa uwasomee namba zote zilizoandikwa ubavuni, pamoja na kipimo cha uzito. Magari haya yana tani mbili na zaidi, na tairi la ukubwa sahihi lisilo na uwezo wa uzito huo ni hatari. Ukipata jibu la kungoja wiki tatu, nunua la tano na ringi yake siku unayonunua gari, ukae nalo gereji. Safari ya geti la Sala kuingia Tsavo Mashariki, au ya Marafa, usiifanye bila kulipakia, hata kama litakula nusu ya buti.

Shokabu za hewa ni raha kubwa kwenye matuta. e-tron zote huja nazo. Kwenye iX angalia, maana si kila moja inazo. Zinainua gari unapoingia njia ya mchanga. Baada ya miaka kadhaa mipira yake huanza kuvuja, na dalili ni rahisi: liache gari usiku kucha mahali tambarare, asubuhi utazame kama kona moja imelala. Fanya hivyo kabla ya kununua.

Chumvi ioshe chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila wiki kama unaishi ufuoni, bila kuelekeza pampu ya nguvu kwenye nyaya nene za rangi ya machungwa wala viungo vyake. Na usiingie ufuoni kupiga picha mchanga ukiwa umelowa. Tani mbili na nusu zikizama, kamba ya kawaida haizitoi.

Hatua ya nne: yapi, kwa nani

Nguvu ina kazi moja ya kweli barabara yetu. Ni kupita lori la chumvi la Gongoni au trela la saruji pale nafasi inapokuwa fupi. Kutoka 80 hadi 110 ndicho kipimo, na hapo gari lolote kati ya haya linakuondoa kwenye hatari upesi kuliko dizeli kubwa. Zaidi ya hapo unanunua starehe, na starehe zinatofautiana.

Kwa kubeba watu, iX xDrive50 ndiyo ningeichukua mimi. Nyuma kuna nafasi, sakafu ni tambarare, kimya chake kinamfanya mgeni aliyetoka ndege ya alfajiri alale mpaka Watamu. Ni pana, kwa hiyo vichochoro vya mji wa kale uvisahau.

e-tron ni ya mwenye bajeti ya chini zaidi anayetaka kimya hicho hicho. Inakula umeme, hilo haliepukiki, lakini imetengenezwa imara na hupokea chaji ya kasi ya kilowati 150 bila kushuka mapema. Audi ilifunga kiwanda chake cha Brussels mwezi wa Februari 2025, kwa hiyo mfano huu, pamoja na Q8 e-tron iliyoufuata, hautengenezwi tena. Bei zake za mtumba zimeshuka, na vipuri vya mwili viagize mapema.

Macan ni ya anayeendesha mwenyewe na anayependa kuendesha. Mfumo wake wa volti 800 hupokea hadi kilowati 270, faida ambayo bado hatuna vituo vya kuitumia ipasavyo pwani. Nyuma ni pafinyu kwa watu wazima watatu.

I-Pace ni nzuri machoni na inavuka maji ya nusu mita, jambo lenye maana mvua za masika zinapojaza barabara. Lakini iliitwa kiwandani zaidi ya mara moja kwa hatari ya betri kushika moto, na baadhi ziliwekewa kikomo cha chaji cha chini ya asilimia 100. Usinunue bila namba ya chasisi kukaguliwa. Mimi singeinunua kabisa kwa kazi ya abiria.

Kuna wasioitwa wa kifahari ila wanastahili kuwekwa hapa: Kia EV6 GT na Hyundai Ioniq 5 N, zote zikifika 100 kwa takribani sekunde tatu na nusu, na Kia EV9 yenye viti sita au saba. Ndugu hawa wana uwezo wa kutoa umeme nje hadi kilowati 3.6. Umeme ukikatika Malindi, gari linaendesha friji, feni na taa za nyumba usiku mzima. Hitilafu inayojulikana ya EV6 na Ioniq 5 ni kifaa kinachochaji betri ndogo ya volti 12, na magari hayo yaliitwa kiwandani mwaka 2024. Hakikisha marekebisho yamefanywa.

Eletre ni gari la ajabu lenye farasi 905 katika toleo la R, na ni refu zaidi ya mita tano. Bila fundi wake karibu, ningeliacha kwa wanaoishi jirani na gereji inayolijua.

Hatua ya tano: kukagua la mtumba

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mwaka 2026 unaingiza la 2019 kuja juu. Magari mengi ya Uingereza huingia sokoni yakiwa na miaka mitatu au minne, mkataba wa kukodi ukiisha. Hayo ndiyo ya kutafuta: yana kitabu cha matengenezo kilichojazwa, kwa sababu mkataba uliwalazimisha.

Dai ripoti ya afya ya betri iliyosomwa kwa kompyuta, si picha ya dashibodi. Asilimia 90 kwa gari la miaka minne ni sawa. Chini ya 85 punguza bei au ondoka. Viwanda vingi hudhamini betri miaka minane au kilomita 160,000, ikishuka chini ya asilimia 70. Uliza kwa maandishi kama dhamana hiyo inakufuata ukilivusha bahari, maana mara nyingi haivuki. Lichaji mbele ya macho yako kwa chaja ya kawaida na kwa ya kasi, kila moja robo saa. Washa kiyoyozi kwa nguvu zote pia: kwenye magari haya mfumo huo wa ubaridi ndio unaopoza betri, kwa hiyo kiyoyozi dhaifu si suala la jasho tu.

Ukishalipata, betri ya aina ya nikeli, iliyo kwenye magari yote ya Ulaya niliyotaja, huzeeka upesi zaidi ikikaa imejaa kwenye joto. Ndiyo sababu ya kuiweka kati ya asilimia 20 na 80 siku za kawaida, na kuliegesha gari chini ya mwarobaini au paa la makuti badala ya juani.

Hatua ya sita: hesabu ya matumizi, bila kujidanganya

Weka umeme wa nyumbani kwa shilingi 30 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwamo, na petroli kwa shilingi 180. Badilisha namba hizi kwa za mwezi wako. SUV ya umeme ikila yuniti 23, kilomita moja ni karibu shilingi 7. Ya petroli yenye nguvu hiyo hiyo ikila lita 14 kwa kilomita 100, kilomita moja ni shilingi 25.

Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka unaokoa karibu shilingi 366,000, yaani 30,500 kwa mwezi. Kwa kilomita 50,000, kama gari la hoteli lisilolala, ni kama 76,000 kwa mwezi. Linganisha namba hizo na malipo utakayoyaona hapa chini. Mafuta peke yake hayalipii gari la kifahari. Anayekuambia yanalipia hajapiga hesabu mpaka mwisho.

Kwenye kodi kuna nafuu ya kweli: ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme tupu ni asilimia 10, wakati la petroli lenye injini ya zaidi ya cc 3000 ni 35. Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 vipo pale pale, na KRA hukadiria kwa orodha yake ya bei za magari mapya, haitazami risiti yako tu. Mwambie wakala akupe hesabu hiyo kabla hujatuma pesa.

Hatua ya saba: kununua au kukodi kwa mkataba

Magari ya kifahari ya umeme huanguka bei haraka. Teknolojia inasonga, na mnunuzi wa pili anaogopa betri. Ukinunua, hasara hiyo ni yako. Ukikodi kwa mkataba wa miaka mitatu au minne na kurudisha, inaweza kuwa ya mwenye gari, na hiyo ndiyo sababu moja nzuri ya kukodi.

Malipo ya mwezi yana sehemu mbili. Ya kwanza ni bei kutoa thamani ya mwisho, ugawe kwa miezi. Ya pili ni gharama ya pesa: jumlisha bei na thamani ya mwisho, zidisha kwa kiwango cha mwaka, ugawe kwa 24. Mfano wa gari la shilingi milioni 14, miezi 36, kiwango cha asilimia 15, thamani ya mwisho nusu ya bei: 194,444 jumlisha 131,250, jumla 325,694. Ukiweka VAT inafika karibu 377,800.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, thamani ya mwisho iwe asilimia 35. Malipo yanapanda hadi karibu 430,250. Tofauti ya shilingi 52,000 na zaidi kila mwezi imetokana na makisio ya mtu kuhusu bei ya gari miaka mitatu ijayo. Kwa hiyo swali la kwanza ofisini ni: thamani ya mwisho mmeiweka ngapi, na gari likiuzwa chini ya hapo nani analipa pengo? Mkataba ukisema ni wewe, huo ni mkopo uliovaa nguo ya kukodi. Afadhali uchukue mkopo wa kawaida ubaki na gari.

Soma vipengele hivi mwenyewe, kalamu mkononi. Kikomo cha kilomita na faini ya kila kilomita ya ziada. Mombasa mara mbili kwa wiki peke yake ni kilomita 25,000 kwa mwaka. Barabara zisizo na lami, maana mikataba mingine huzikataza na safari ya Sala itakuwa kosa. Uchakavu wa kawaida, na uandikwe wazi kwamba kutu ya hewa ya bahari imo. Matairi, nani analipa. Gari la badala likiharibika, na kama litaletwa Malindi au utalifuata Mombasa. Adhabu ya kuvunja mkataba mapema. Bima kubwa itaje betri kwa jina, pamoja na maji ya mafuriko.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, njia ipo na si ya kubahatisha. Ijara ni kukodisha kwa kanuni zake, na benki za Kiislamu nchini, kama Gulf African Bank na Premier Bank, ndipo pa kuanzia kuulizia. Katika ijara mwenye mali hubaki benki mpaka mwisho, kwa hiyo gharama kubwa za umiliki na bima ya takaful ni zake, ingawa huzihesabu ndani ya kodi. Faini ya kuchelewa haiwi faida ya benki. Hupelekwa kwenye sadaka. Omba kuona vifungu hivyo vimeandikwa, maana jina la ijara juu ya karatasi halitoshi.

Siku ya kulipokea

Nenda mchana, si jioni. Piga picha kila ringi, kioo, kiti, na chini ya milango ambako kutu huanzia. Ziweke kwenye barua pepe uliyomtumia mkodishaji siku hiyo hiyo ili tarehe isibishaniwe. Hesabu nyaya za kuchajia na funguo. Hakikisha programu ya simu imeondolewa kwa mwenye gari wa zamani na kusajiliwa kwako, la sivyo yeye ndiye atakayeona gari lako liko wapi. Sifurisha kipimo cha matumizi, kisha liendeshe mwezi mzima kama kawaida na uandike yuniti kwa kilomita 100 unazozipata. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia kupanga safari ya kwanza ya mbali.